Kiu, Mabavu na Mazigazi: Kuitazama Tena Tanzia ya Kinjeketile

Neno tanzia lina matumizi mawili katika lugha yetu. Kwa watu wa kawaida, tanzia ni taarifa ya msiba: fulani amefariki dunia, maziko yatakuwa kesho alasiri, ndugu na jamaa wajulishwe. Kwa wanafasihi, tanzia ni tamthilia ambayo mhusika wake mkuu huangamia. Matumizi hayo mawili hayako mbali kama inavyodhaniwa. Mtu aliyepokea tanzia ya msiba haulizi tena kama mgonjwa atapona. Huuliza marehemu alifikwaje na mauti, ameacha nini, na kama alikuwa na deni, nani atalilipa. Mtazamaji wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, huingia ukumbini katika hali hiyo hiyo. Anajua tangu mlangoni kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, na kwamba maji yake hayakuzuia risasi. Anachokwenda kutafuta ni namna mauti yalivyokuja, na deni lililobaki.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama tena tamthilia hiyo kwa kufuata dhamira tatu zinazoibeba: kiu, yaani shauku ya watu waliodhulumiwa, mabavu, na mazigazi, yaani yale maji yanayoonekana kwa mbali na kumbe si maji. Tutaitazama tukiwa tumesimama mahali petu, Dodoma, katika nyanda za kati, ambako neno maji halitamkwi kwa mzaha. Hatudai kwamba Maji Maji ilikuwa vita ya Ugogo. Moto wake uliwaka Umatumbi, Rufiji, Ungindo, Mahenge na Ungoni, na wazee wa huku waliusikia kwa mbali. Lakini kazi ya sanaa ikishakuwa mali ya taifa zima, kila sehemu ya taifa ina haki ya kuisoma kwa macho yake yenyewe, na pengine macho ya mtu wa nchi kavu yakaona jambo ambalo mtu wa mtoni hakuliona.

Mwandishi na mchezo wake

Ebrahim Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943, jirani kabisa na nchi ilikoanzia vita hiyo. Alisoma sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati ambapo wanahistoria wa chuo hicho hicho walikuwa wakikusanya masimulizi ya wazee walioishuhudia Maji Maji au waliosimuliwa na wazazi wao. Mchezo wake ulizaliwa katika joto hilo la kutafuta historia yetu kwa vinywa vyetu. Hata hivyo, katika dibaji yake mwandishi alitoa tahadhari kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya yule wa historia. Tahadhari hiyo yafaa tuishike. Wapo waliousoma mchezo huu kama kitabu cha historia, wakautafutia makosa ya tarehe. Wapo pia waliousoma kama wimbo wa kumsifu shujaa, wakashangaa kwa nini shujaa mwenyewe anaonekana mwenye mashaka. Wote wawili waliuliza swali ambalo mchezo haukuahidi kulijibu.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Wanakijiji wanateseka chini ya Mjerumani, wakilazimishwa kulima mashamba yake huku ya kwao yakiota magugu. Kinjeketile anajifungia ndani siku nyingi, kisha anapandwa na pepo Hongo, anaingia katika mto Rufiji na kutoka akiwa na maji ambayo, asema, yatawakinga watu na risasi. Makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa uhasama yanaungana kwa ajili ya maji hayo. Kinjeketile anaanza kuwa na shaka na ujumbe aliopewa, anataka watu wangoje; watu hawangoji. Vita inapigwa, watu wanakwisha. Mwishoni Kinjeketile yuko mikononi mwa Mjerumani, naye anatakiwa kutamka jambo moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Kiu

Kwa kawaida tanzia nyingi za dunia huanza na tamaa ya mtu mmoja. Mwaka 1968, mwaka mmoja kabla ya Kinjeketile, Watanzania walipata kusoma Makbeth kwa Kiswahili, tafsiri ya S. S. Mushi. Humo tunamwona jemadari hodari ambaye moyo wake umeota mzizi wa tamaa ya ufalme, akaua mgeni wake usiku, na baada ya hapo akawa hawezi kusimama asiendelee kuua. Tamaa ile ni yake na ya mkewe. Watu wa nchi yake hawana sehemu ndani yake isipokuwa kuumia.

Hussein hakuanza hapo. Mchezo wake unafunguliwa na wanawake wawili, Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda, wakizungumza juu ya dhiki ya nyumbani. Hakuna ndoto ya kiti cha enzi katika mazungumzo yao. Kuna njaa, kuna waume wasiokuwa na nguvu tena ya kushika jembe la kwao baada ya kushika la Mjerumani, na kuna mwanamume mmoja aliyejifungia ndani kwa sababu hana la kuwaambia watu wanaomjia. Shauku inayozaa tanzia hii ni shauku ya watu wote, nayo ni halali kabisa. Wanataka chakula chao, miili yao na nchi yao. Hapa ndipo tunaposema kwamba neno tamaa halitoshi, na kwamba kiu ni neno lililo karibu zaidi na ukweli. Tamaa mtu anaweza kuambiwa aiache. Kiu haikemewi, hutafutiwa maji.

Msomaji wa nyanda za kati anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Nchi hii hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo ni milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka katika miaka ya kawaida. Ndiyo maana katika Ugogo wa zamani mamlaka ya mtemi yalifungamana na mvua. Yeye ndiye aliyekuwa na mawe ya mvua, na kwake ndiko watu walikoelekea mawingu yalipopita bila kushuka. Mtu mwenye akili za leo anaweza kucheka, lakini kucheka si kueleza. Mtemi hakuwauzia watu uongo waliokuwa hawautaki. Aliwapa umbo la kitu ambacho kila mmoja wao alikuwa akikililia peke yake katika shamba lake, na kwa umbo hilo wakawa jamii moja inayoomba pamoja. Kinjeketile anafanya kazi iyo hiyo. Wamatumbi, Wakichi, Warufiji na Wangindo walikuwa na kiu moja na visima mbalimbali. Maji ya Ngarambe yaliwapa kisima kimoja.

Lakini kuna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha maisha ya kawaida na tanzia. Ahadi ya mvua hupimwa kila mwaka. Mvua isiponyesha, watu hutafuta mila gani imevunjwa, hufanya tambiko upya, na mwakani hupanda tena. Neno la mtemi lilikuwa na njia ya kurekebishwa. Ahadi ya maji ya Ngarambe ilipimwa mara moja tu, na kipimo chake kilikuwa risasi. Historia inatuambia kwamba maji yale yalikuwa na miiko yake: mpiganaji asipore mali, asikutane na mwanamke. Aliyeanguka alisemwa kuwa amevunja mwiko. Maelezo yalikuwapo, basi, kama yanavyokuwapo katika tambiko la mvua. Ila aliyekufa hana mwakani.

Mabavu

Mtu anaposikia kwamba tamthilia fulani ni ya vita, hungoja bunduki. Katika Kinjeketile mabavu yameanza zamani kabla bunduki hazijalia. Yamo katika sufuria isiyokuwa na kitu. Yamo katika kiboko na sauti ya mnyapara. Yamo katika jambo dogo ambalo mwandishi amelionyesha kwa ufundi mkubwa, yaani kwamba watu wanaoonewa huanza kuoneana shaka wao kwa wao, kila kabila likitaja ubaya wa jirani. Mtawala hahitaji kuwapiga wote. Anahitaji tu kuhakikisha kwamba anapompiga mmoja, wengine wanatazama chini.

Tungependa kukaa kidogo juu ya njaa, kwa sababu wahakiki wengi huipita haraka, wakiichukua kama mandhari tu. Wagogo wana jina la njaa kubwa iliyowaua watu wengi kati ya 1917 na 1920: Mtunya. Ukame ulikuwapo, lakini ukame peke yake hauelezi Mtunya. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi yalipita katika nchi hii, ya Kijerumani na kisha ya Kiingereza, yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosa, nyumba zilikuwa zimekwisha kuwa tupu. Watu wa nyanda hizi walijifunza kwa uchungu kwamba njaa haitoki mbinguni tu. Hutoka bomani pia. Kwa hiyo wanawake wawili wa Hussein wanapolalamikia chakula, sisi hatuoni utangulizi wa mchezo. Tunaona vita imekwisha kuanza, na upande mmoja peke yake ndio unaopiga.

Historia ya Maji Maji yenyewe inathibitisha hivyo. Watu walianza kung'oa pamba kule Nandete, Umatumbi, mwezi Julai 1905. Mwezi uliofuata walikwisha kuivamia boma ya Mahenge, wakaanguka kwa wingi mbele ya bunduki za rasharasha. Hata hivyo waliokufa kwa risasi walikuwa sehemu ndogo tu. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikamaliza kazi. Makadirio ya Kijerumani yalitaja watu 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wametaja 250,000 na zaidi. Mwanzo wa mchezo na mwisho wa vita vinakutana: njaa iliyowasukuma watu kuinuka ndiyo iliyorudi kuwalaza.

Ni wajibu kusema pia kwamba Hussein hayafanyi mabavu ya wanyonge kuwa malaika. Katika mchezo wake wapiganaji wanapolitaka pigano kwa haraka, hawasukumwi na haki peke yake. Kuna kisasi, kuna fahari ya ujana, kuna ladha ya kujiona mwili haupenyeki. Kitunda, ambaye ndiye jemadari, anajua mazoezi na mbinu ni nini, anajua adui ana silaha gani. Maneno yake ya uangalifu hayana nguvu mbele ya watu waliokwisha kuambiwa kwamba hawafi. Hapo ndipo mabavu yanapokutana na mazigazi.

Mazigazi

Msafiri anayekatiza mbuga za Bahi wakati wa kiangazi huona mbele yake maji yanayometameta, na miti imesimama ndani yake. Akisogea, maji nayo husogea. Kosa haliko machoni pake, kwa maana kila aliye pamoja naye huyaona hayo hayo. Jua na joto la ardhi ndivyo vinavyoyafanya, na kiu ndiyo inayomfanya ayaamini. Tumelichagua neno mazigazi kwa sababu hiyo. Wale wanaosema kwamba Kinjeketile ni mchezo juu ya udanganyifu wanakosea, maana udanganyifu unamhitaji mdanganyifu. Hussein hakumweka mdanganyifu jukwaani. Kinjeketile anatoka mtoni akiamini. Watu wanapokea wakiamini. Na jambo wanaloliamini lina nusu ya ukweli ndani yake, kwa sababu umoja unaozaliwa na maji yale ni umoja wa kweli, usiokuwapo kabla.

Nusu nyingine ndiyo inayoua. Katika ujumbe wa Hongo, pamoja na habari ya maji na umoja, limo neno kwamba watu hawa watakuwa watu wa Seyyid Said. Wasikilizaji wanalipita neno hilo, kwa kuwa masikio yao yamekwisha kushika ahadi ya kinga. Kinjeketile mwenyewe ndiye anayerudi kulitafakari, akashtuka. Je, wanamwaga damu ili watoke kwa bwana mmoja waingie kwa mwingine? Tukumbuke kwamba Seyyid Said alifariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya vita. Mwokozi aliyetajwa ni marehemu, na ufalme wake wa pwani ulikwisha kugawanywa na wageni. Hayo ndiyo mazigazi kwa maana kamili: ukombozi uliochorwa kwa rangi za utumwa wa zamani.

Jina la pepo huyo linatuita tulizingatie, hasa sisi wa huku. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na watemi waliitoza ushuru wa nguo, shanga na waya za shaba. Ushuru huo uliitwa hongo. Wasafiri wa Kizungu waliulalamikia sana katika vitabu vyao, lakini bei ilikuwa wazi: toa hongo, upate kupita, unywe kisimani. Hatusemi kwamba jina la pepo wa Rufiji na jina la ushuru wa Ugogo vina asili moja. Tunasema tu kwamba masikio ya mtu wa nyanda za kati, akilisikia jina hilo jukwaani, yanangoja bei itajwe. Katika mchezo huu bei haitajwi. Watu wanakunywa kwanza na kudaiwa baadaye.

Turudi kwa Makbeth. Wachawi walimwambia kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru, naye akajifungia ndani ya neno hilo kama mtu aliyejifungia ndani ya nyumba inayoungua. Ahadi ile ilikuwa kweli kwa maneno na uongo kwa maana, kama ujumbe wa Hongo. Lakini Makbeth anaupokea ujumbe wake faraghani, na kuvunjika kwake kunamwangamiza yeye na waliomfuata. Kinjeketile anaupokea wake mbele ya watu. Anapoanza kuutilia shaka, haumo tena mikononi mwake. Kwa maneno yetu wenyewe, fikra yake ni hii: mtu huzaa neno, neno likakua, likawa na kimo kupita cha mzazi wake, mwisho likamburuta. Hiki ndicho kiini cha tanzia yote. Kinjeketile hakosi ujasiri wa kusema ukweli. Anakosa mtu wa kuusikia.

Sisi tunaofanya kazi ya kuandika taarifa na hotuba za watu wengine tungefanya vyema kusoma sehemu hii mara mbili. Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, na katika miaka yote hiyo visima vya Mzakwe vimekuwa vikitazamwa na watu wanaoongezeka kila siku. Mtu akisimama katika kijiji cha nchi hii akataja maji, wanawake wanaacha kunong'ona. Neno la ahadi likishatoka, halirudi ofisini. Linatembea vijijini, linaongezwa chumvi, linafungiwa ndoo. Hakuna anayelinganisha ahadi ya mradi na pepo wa mtoni; lakini sheria ya neno ni moja, na Hussein ameionyesha vizuri kuliko waraka wowote.

Ngonjera na tanzia

Mwaka 1969, mwaka ule ule ilipochapishwa tamthilia hii, alifariki Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, mtumishi wa Serikali, malenga na mwandishi wa historia na mila za Wagogo. Yeye ndiye aliyeipa nchi hii ngonjera, yale mashairi ya majibizano yaliyoenea mashuleni na katika mikutano baada ya Azimio la Arusha la 1967. Sisi tuliolelewa na ngonjera tunaujua mwendo wake. Mmoja hajui, mwingine anajua. Wanashindana kwa hoja, beti kwa beti. Mwishoni yule asiyejua anakubali, wanashikana mikono, hadhira inapiga makofi. Ni sanaa njema, na ilifanya kazi kubwa ya kulifundisha taifa changa lizungumze na nafsi yake bila kugombana.

Tukiiweka ngonjera kando ya mchezo wa Hussein, tunaona kile ambacho tanzia inaweza na ngonjera haiwezi. Katika onyesho la mwisho Kinjeketile na Kitunda wako kifungoni. Kitunda amewaongoza watu vitani na kuwaona wakianguka. Anataka lile neno lisemwe. Kinjeketile hataki. Hapa pana wasemaji wawili, pana hoja mbili, na kila moja ina uzito. Mtunzi wa ngonjera angempa mmoja ushindi. Hussein anawaacha wote wawili wakiwa na haki, na kitanzi kikingoja. Hakuna wa kusema nimekubali. Mtazamaji anaondoka na majibizano yale kifuani, akalazimika kuyaendeleza njiani.

Tunadhani hii ndiyo sababu ya baadhi ya watu kuuonea shaka mchezo huu tangu mwanzo. Utamaduni wa taifa umezoea sanaa inayofikia mwafaka, na mwafaka ni kitu chema. Lakini kuna mambo katika historia yetu ambayo hayajapata mwafaka, na kuyavisha makofi ni kuyazika kabla hayajafa. Taifa linahitaji sanaa zote mbili: ile inayotushikanisha mikono, na ile inayotuzuia tusiiachie haraka.

Kasoro zake

Mhakiki asiyetaja kasoro ni mpiga debe. Kinjeketile una kasoro, nasi tutazitaja kwa ufupi. Ya kwanza ni wanawake. Wanaufungua mchezo kwa nguvu, tukatarajia kwamba njaa waliyoitamka itafuatwa hadi mwisho. Kadiri vita inavyokaribia, nafasi yao inapungua, na jukwaa linabaki la wanaume na mikuki yao. Ya pili ni Mjerumani na watu wake, ambao ni vivuli kuliko watu. Pengine mwandishi alifanya hivyo kwa makusudi ili tusiwaonee huruma, lakini mabavu yenye sura ya mtu hutisha kuliko mabavu yenye sare tu. Ya tatu ni kwamba lugha ya mchezo, iliyo nyepesi na safi, mara nyingine haitofautishi mzee na kijana, wala Mrufiji na Mmatumbi. Kwa mtunzi aliyekuja kutupa mazungumzo yenye giza na mafumbo katika Mashetani mwaka 1971, tunajua hilo halikuwa upungufu wa kipaji. Kasoro hizi hazivunji nyumba. Ni nyufa ambazo mwongozaji hodari anaweza kuzikandika.

Neno la mwisho na deni lililobaki

Sasa tufike kwenye swali gumu. Je, Kinjeketile alipokataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, alifanya ushujaa, au alizaa mazigazi ya pili juu ya yale ya kwanza?

Tulitazame kwa makini sharti la Mjerumani. Anataka Kinjeketile aseme kwamba maji ni uongo, lakini hicho si kitu pekee anachokitaka. Amefunga mambo mawili kwa kamba moja. Kinjeketile anajua kwamba akilitamka la kwanza, watoto watafundishwa la pili, yaani kwamba kupigania nchi yao lilikuwa kosa. Katika kinywa cha mfungwa, mbele ya mtawala mwenye kitanzi, maneno hayo mawili hayawezi kufunguliwa. Ukweli mdogo ungenunuliwa ili kulipia uongo mkubwa. Kwa hiyo tunashikilia kwamba kukataa kwake kulikuwa haki. Hakuwa anayalinda maji. Alikuwa anailinda kiu.

Na neno alilolikataa kuliua liliishi. Mwaka 1956, Julius Nyerere alipozungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa huko New York, aliikumbusha dunia vita ya Maji Maji, akaeleza kwamba watu wale walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala. Hakuyatetea maji, aliitetea haki ya kuinuka. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zetu. Kamba ya yule ofisa wa mwaka 1905 imefunguliwa na wajukuu wa upande wake mwenyewe.

Hapo ndipo deni letu linapoonekana. Kinjeketile hakuweza kusema mambo mawili kwa wakati mmoja; sisi tunaweza. Tunaweza kusema kwamba vita ile ilikuwa ya haki, na katika pumzi hiyo hiyo tukasema kwamba maji hayakuzuia risasi, na kwamba wapo waliojua au walioshuku kabla watu hawajaisha. Taifa huru linaloogopa kulitamka la pili bado linamjibu Mjerumani, bado liko katika kile chumba cha mahabusu. Taifa linalolitamka la pili na kusahau la kwanza limemsaini Mjerumani karatasi yake.

Vitabu vyetu vya utamaduni, na humu ndimo makala haya yanamochapwa, vimekuwa hodari wa kuwasifu waliokufa. Kazi iliyobaki ni kuwaheshimu kiasi cha kuwaambia ukweli. Mbuga inapometameta wakati wa kiangazi, mwongozaji mzuri wa msafara hawatukani wenye kiu kwa kuyaona maji. Huwaambia kwamba yale siyo, na kwamba kisima kiko upande wa pili, mwendo wa siku moja zaidi. Kisha hutangulia yeye.